Shajara ya mradi: biskuti za Anzac kwa Kiswahili

Mwisho wa Januari: tunaanzia wapi

Shule za Melbourne zimefunguliwa. Ikikaribia Aprili, wazazi wa darasa letu la Kiswahili la Jumamosi wataanza tena kuonyeshana karatasi ileile kutoka shuleni: mtoto alete biskuti za Anzac, kutakuwa na meza ya mauzo, fedha zitakwenda kwa maveterani. Wengi hununua pakiti dukani, wanamtilia mtoto kwenye begi, yameisha. Si kwamba hawajali. Hakuna aliyekaa nao akawaeleza biskuti hizi zilitoka wapi na kwa nini nchi nzima inazioka msimu mmoja. Maelezo ya Kiingereza yamejaa. Kwa lugha tunayozungumza mezani kwetu, sisi wa Kongo, Burundi, Tanzania na Kenya tuliokutana huku, sijayaona.

Mradi wenyewe ni kijitabu kifupi cha Kiswahili chenye historia iliyohakikiwa na mapishi yaliyojaribiwa kwenye oveni za kawaida za nyumba za kupanga. Kiwe mikononi mwa wazazi kabla ya Siku ya Anzac, tarehe 25 Aprili. Mimi naandika. Mama mmoja wa Bukavu, ambaye alikuwa akioka mikate ya kuuza kabla ya kuhamia Australia, anasimamia jiko. Mwalimu wa darasa anasoma kila ukurasa kwa jicho la mzazi aliyewasili juzi. Watoto wakubwa wanapima viambato na kupiga picha.

Februari, wiki ya kwanza: tarehe na hesabu ya watu

Ukurasa wa kwanza umekamilika. Nimeuacha uwe mfupi kwa makusudi.

Anzac ni herufi za mwanzo za jina la kikosi cha pamoja cha wanajeshi wa Australia na New Zealand katika Vita vya Kwanza vya Dunia. Alfajiri ya 25 Aprili 1915 kilitua kwenye rasi ya Gallipoli, Uturuki. Nia ya Waingereza na washirika wao ilikuwa kufungua njia ya bahari ya Dardanelles mpaka Istanbul. Walikwama kati ya ufukwe na vilima kwa muda wa miezi minane, na Desemba mwaka huohuo wakaondolewa usiku kwa siri. Waaustralia zaidi ya 8,000 walikufa pale, na watu wa New Zealand zaidi ya 2,700. Mwaka 1916 siku ile iliadhimishwa kwa mara ya kwanza, na mpaka leo watu hukusanyika gizani kabla jua halijachomoza, hapa Melbourne kwenye mnara wa Shrine of Remembrance.

Mwalimu aliniuliza kama ni lazima kuwataja Waosmani, askari wa dola iliyotawala Uturuki wakati ule. Nimesema ni lazima. Walikuwa wakiitetea ardhi yao, walipoteza watu zaidi ya 80,000, na watoto wetu wanakaa dawati moja na watoto wa Kituruki. Kijitabu kitakachohesabu maiti za upande mmoja sitakiandika.

Februari katikati: nani hasa aliyezioka

Hapa ndipo nilipokaa muda mrefu, na ndiyo sababu ya kijitabu chenyewe kuwapo.

Hadithi inayorudiwa kila mwaka ni kwamba akina mama na wake za wanajeshi walizioka biskuti hizi wakawapelekea vijana wao Gallipoli, na hawakutia mayai ili zisiharibike kwa wiki nyingi melini. Ni hadithi nzuri, na watoto wanarudi nayo kutoka shuleni. Lakini ukiifuata kwenye vitabu vya mapishi na magazeti ya wakati ule, tarehe hazikubali. Magazeti hayo yamewekwa wazi na maktaba za taifa, ya Australia kupitia Trove na ya New Zealand kupitia Papers Past, bila malipo. Mtu yeyote mwenye simu anaweza kukaa na kuyasoma, na nimewaonyesha vijana wetu namna ya kutafuta.

Aliyefanya kazi kubwa ya kupanga tarehe hizo ni Profesa Helen Leach wa Chuo Kikuu cha Otago, New Zealand. Mfuatano alioueleza ni huu. Mwaka 1915, toleo la saba la kitabu cha mapishi cha St Andrew's, kilichochapishwa na waumini wa kanisa hilo mjini Dunedin, lilikuwa na kitu kiitwacho keki za Anzac, lakini bila maelezo ya namna ya kuchanganya. Mwaka 1917 mjini Sydney kikatoka kitabu cha War Chest, kilichouzwa kuchangia mahitaji ya wanajeshi. Humo mna biskuti zenye jina la Anzac, ila ni biskuti nyingine kabisa. Ajabu ni kwamba kitabu hichohicho kina biskuti za oti, nafaka ya uji, zinazofanana sana na tunazokula leo, zikiwa na jina la kawaida tu. Jina na mapishi vikakutana katika toleo la baadaye la kitabu kile cha Dunedin. Vita vilikuwa vimekwisha, na Gallipoli ilikuwa imeachwa zaidi ya miaka mitatu.

Basi biskuti zilienda wapi wakati wa vita? Zipo dalili kwamba biskuti za oti zilitumwa kwa baadhi ya wanajeshi waliokuwa Ufaransa na Ubelgiji, ila si kwa wingi. Nyingi zaidi ziliokwa na kuliwa hukuhuku nyumbani: kwenye mauzo ya kanisa, sherehe za shule, minada ya mtaa, kila mahali palipokuwa na meza na kopo la kuchangia. Akina mama waliuza biskuti, wakanunua sufu, wakafuma soksi, wakafunga vifurushi. Tuliokulia kwenye michango ya harusi, misiba na ujenzi wa madarasa hatuhitaji kuelezwa jambo hili mara mbili. Mama wa Bukavu niliposoma rasimu alisema, "Dada, hiyo ni kazi ya akina mama wa parokia. Hata kwetu ni hivyohivyo."

Sasa nimelifanya hili kuwa mhimili wa kijitabu. Biskuti hizi zimekuwa chakula cha taifa kwa sababu wanawake waliobaki nyumbani walizioka ili wapate fedha, na vita vilipokwisha hawakuacha kuzioka. Askari wa Gallipoli kwa sehemu kubwa hawakuzionja. Mtu akitaka kuwaheshimu waliozioka, awataje kwa kazi waliyoifanya kweli.

Mwalimu aliogopa tutaonekana tunavunja heshima ya siku ya wenyeji. Sioni hivyo. Kumbukumbu ya Vita ya Australia, jumba la taifa lililoko Canberra, lenyewe linatofautisha wazi biskuti za nyumbani na biskuti walizopewa wanajeshi. Tunasema ambalo wao wamekwisha kulisema, ila kwa Kiswahili.

Februari mwishoni: viambato vinavyosimulia

Aya chache nilizoandika wiki hii, naziweka hapa kwa kuwa huenda zikapunguzwa kwenye kijitabu.

Oti ni alama ya Waskoti. Dunedin ilianzishwa na walowezi wa Kiskoti, watu wa uji wa oti, na kusini mwa New Zealand ni baridi inayofaa kwa zao hilo. Kampuni ya Harraways imekuwa ikisaga oti mjini humo tangu 1867. Haishangazi kwamba mapishi na jina vilikutana pale.

Golden syrup ni shira nzito ya rangi ya asali, zao la kiwanda cha kusafisha sukari ya miwa. Auckland ina kiwanda cha sukari cha Chelsea tangu 1884, na miwa ililimwa Queensland. Katika biskuti hizi shira inafanya kazi ya yai: ndiyo inayoshikanisha. Mayai yalikuwa haba na ghali wakati wa vita, na mpishi wa nyumbani alitumia alichonacho kabatini.

Nazi ilikuja baadaye. Mapishi niliyoyasoma ya miaka ya mwanzo hayana nazi. Yale ya gazeti la The Capricornian la Rockhampton, Queensland, la tarehe 14 Agosti 1926, bado hayana. Leo mtu wa Melbourne ukimpa biskuti ya Anzac isiyo na nazi atakuuliza umesahau nini. Mapishi ya jadi nayo yaliendelea kukua yakiwa tayari ni ya jadi, na sioni kosa hapo.

Machi, mwanzo: biskuti ngumu za jeshi

Tumeoka kile ambacho askari walikula kweli. Niliona watoto hawataelewa tofauti mpaka waishike mkononi.

Chakula cha Gallipoli kilikuwa nyama ya kopo, biskuti ngumu, jamu, chai na sukari, na maji ya kupimiwa. Nyama iliyeyuka kwenye joto, nzi walitua kwenye jamu kabla ya mtu kufunga mdomo, na kuhara kuliwadhoofisha watu kuliko inavyosemwa kwenye hotuba. Biskuti zilikuwa badala ya mkate. Zilitengenezwa viwandani, kampuni ya Arnott's ikiwa mojawapo ya watengenezaji, na nia ilikuwa zikae miezi mingi bila kuota ukungu. Zilivunja meno. Wengine walizisaga kwa jiwe au kuzikwangua juu ya kopo lililotobolewa, wakapika uji. Wengine waliandika barua juu yake kwa wino, wakachora picha, wakabandika stempu na kuzituma nyumbani kama kadi, na baadhi zipo Canberra mpaka sasa, zimepita miaka mia na hazijaoza.

Donge letu lilikuwa la unga wa ngano nzima, unga mweupe kiasi, sukari kidogo, maziwa ya unga, chumvi na maji machache. Mama wa Bukavu alilikanda mpaka likawa gumu kama la mandazi yaliyokosa maji, akalifunika, akalikanda tena. Tulisukuma kwa mti wa chapati kwa unene wa karibu sentimeta moja, tukakata miraba ya sentimeta tisa, na kila mtoto akapewa msumari safi kutoboa mistari mitano ya matundu matano. Matundu yana kazi: mvuke unatoka bila kuiumua biskuti, na ndani inakauka sawasawa na nje. Tuliipanga miraba kwenye trei ikigusana, tukazungushia ukuta wa mabaki ya donge ili kingo za nje zisiungue kabla ya katikati kukauka. Oveni nyuzi 200, dakika 20 na zaidi kidogo.

Zilipopoa, sauti yake ukigonga meza ni ya kigae. Kijana mmoja wa miaka kumi na miwili aliing'ata, akaitoa mdomoni, akaiangalia alama ya meno. "Walikula hii kila siku?" Kila siku. "Na maji hakuna?" Maji kidogo. Akaivunja kwa nyundo, akaloweka kipande kwenye chai na kusubiri. Picha ya kipande kile ndani ya kikombe, kingo zimeanza kulegea na katikati bado kukavu, ndiyo itakayokaa ukurasa wa nne. Inaeleza zaidi ya aya zangu tatu, ambazo nimezifuta.

Machi katikati: biskuti zenyewe

Tumeanza na mapishi ya 1926 kama yalivyo: oti vikombe viwili, unga kikombe kimoja, sukari nusu kikombe, siagi iliyoyeyushwa nusu kikombe, shira kijiko kikubwa kimoja, maji yanayochemka vijiko vikubwa viwili, magadi soda kijiko kimoja cha chai. Shira, maji na magadi vinachanganywa mpaka vitoe povu, siagi inafuata, kisha vyote vinamwagwa kwenye vikavu.

Povu ndilo watoto wanalolipenda, na nimewaeleza linatoka wapi. Golden syrup ina asidi kidogo, kwa kuwa asidi hutumika kuivunja sukari isigande. Magadi yakikutana nayo kwenye maji ya moto hutoa hewa ya kaboni, na mchanganyiko unapanda hadi mdomo wa kikombe, rangi ikigeuka kutoka kahawia hadi ya maziwa ya chai. Lazima bakuli liwe kubwa. Povu hilo linaingia kwenye donge lisilo na yai wala hamira na kuliachia vinyweleo. Kazi ya pili ya magadi haionekani: inaifanya biskuti iive rangi haraka na kutanda kwenye trei. Ukizidisha, unapata rangi nzuri na ladha ya sabuni. Kijiko kimoja cha chai kwa kiasi hiki kinatosha, kikiwa kimesawazishwa kwa kisu.

Biskuti za 1926 ni kavu, nyepesi, na oti inasikika kila unapotafuna. Mama wa Bukavu amezipenda kuliko zote kwa kuwa si tamu sana. Wazazi wengine wametaka zile za siku hizi, zenye nazi, sukari zaidi na shira zaidi. Tutaweka mapishi yote mawili.

Kwa hizi za siku hizi tumefikia: kikombe kimoja cha oti, kimoja cha unga, kimoja cha sukari ya kahawia ambacho hakikujazwa hadi juu, robo tatu ya kikombe ya nazi kavu iliyokunwa, gramu 125 za siagi, vijiko vikubwa viwili vya shira, kijiko kimoja cha chai cha magadi soda na vijiko vikubwa viwili vya maji yanayochemka. Yeyusha siagi na shira kwa moto mdogo, yamimine magadi yaliyokorogwa na maji ya moto, kisha changanya na vikavu mara moja. Finyanga viduara vya ukubwa wa kijiko, viweke mbali mbali kwa sababu vinatanda, vibonye kidogo. Nyuzi 160, kama dakika 15. Zikitoka ni laini, na anayepika kwa mara ya kwanza atadhani hazijaiva azirudishe. Asizirudishe. Ziache kwenye trei, zinakauka zikipoa.

Nazi inayofaa ni ile kavu ya pakiti. Nazi mbichi ya mbuzi, ambayo wengi wetu tunaiamini zaidi, inaleta maji na mafuta, biskuti zinakuwa laini na hazikai. Ukitaka kuitumia, ikaange kavu kwenye sufuria pana kwanza hadi ianze kubadilika rangi. Kwa kweli harufu yake ni bora kuliko ya pakiti.

Na onyo la vipimo, ambalo nimelichapa kwa herufi nzito: kijiko kikubwa cha kupimia cha Australia ni mililita 20. Cha New Zealand na cha sehemu nyingi duniani ni 15. Mzazi atakayetumia kijiko alichokuja nacho kutoka Nairobi kwa mapishi ya Australia atapata biskuti zinazomeguka, akadhani ameharibu mahali pengine.

Machi, wiki ya tatu: iliki na sheria

Mama mmoja kutoka Mombasa alileta iliki iliyotwangwa, akatia kwenye sehemu ya donge bila kelele. Zilikuwa tamu kweli, iliki na nazi vinajuana. Kila mtu akataka ziende kwenye meza ya shule.

Hapo tukasimama, maana jina hili linalindwa. New Zealand ilizuia matumizi yake ya kibiashara tangu 1916, vita vikiendelea, na Australia ina kanuni za mwaka 1921 zinazolilinda neno Anzac. Anayetaka kulitumia kwa biashara anahitaji idhini ya waziri anayehusika na maveterani. Biskuti huruhusiwa kwa kawaida, kwa sharti kwamba zifuate mapishi na umbo la jadi na ziitwe biskuti, si cookies kwa mtindo wa Kimarekani. Mwaka 2008 kampuni moja kubwa ya kimataifa ya migahawa ilitakiwa ifuate mapishi ya jadi au ibadili jina, na ikaacha kuziuza.

Nimeona baadhi ya watu wakishangaa kwamba serikali inajishughulisha na biskuti. Mimi naiona ni haki. Vita vilipokuwa bado vinaendelea, wafanyabiashara walianza kulibandika jina la waliokufa kwenye bidhaa za kila aina, na familia zao zilikuwa hai, zikipita mbele ya maduka hayo. Kuzuia hilo ni adabu iliyoandikwa kuwa sheria.

Uamuzi wetu: nyumbani kwako tia iliki, mdalasini, chochote moyo unachopenda. Kwenye meza ya mauzo yenye kibao cha Anzac, ziende za jadi. Zile za iliki tutaziweka kwenye meza ya pili na kuziita biskuti za oti na iliki. Mama wa Mombasa amekubali, na ameomba mapishi yake yaandikwe kwenye ukurasa wa mwisho kwa jina hilohilo.

Machi, mwisho: swali la mzee

Mzee mmoja wa Kigoma, ambaye huwaleta wajukuu wake darasani na kukaa nyuma akisikiliza, aliinua mkono nilipomaliza kusoma rasimu. "Mwanangu, vita hivyo ndivyo vilivyopiganwa kwetu pia. Babu zetu walibeba mizigo. Wao walikula nini?"

Swali lilistahili ukurasa, na nimeuandika. Afrika Mashariki vita vilianza Agosti 1914 na havikuisha mpaka 25 Novemba 1918, wiki mbili baada ya Ulaya kunyamaza, Wajerumani waliposalimu amri Abercorn, ambayo leo ni Mbala, Zambia. Jeshi la Kongo chini ya Wabelgiji liliingia Tabora tarehe 19 Septemba 1916. Nyuma ya kila bunduki kulikuwa na safu ya wapagazi, mamia ya maelfu kwa pande zote, na waliokufa upande wa Waingereza pekee wanakadiriwa kuzidi 90,000, wengi kwa maradhi. Kambi zao ndizo zilizoacha jina la Kariakoo mjini Dar es Salaam. Posho yao ilikuwa unga wa mahindi, mchele, maharage, na ilipungua kadiri safari ilivyokuwa ndefu. Watu waliozoea ndizi, wimbi au mtama walipewa unga wa mahindi, mara nyingi bila muda wala kuni za kuuivisha, na tumbo likawaua wengi ambao risasi hazikuwafikia.

Mzee alisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza kwa nini basi hakuna chakula tunachopika kuwakumbuka. Sikutaka kumjibu kwa haraka, na jibu nililoliandika linatokana na kazi ya Februari. Biskuti ya Anzac ilidumu kwa kuwa kulikuwa na kitabu cha kanisa cha kuiandikia, safu ya mapishi ya gazeti ya kuisambaza, vyama vya wanawake vya kuiuza, na serikali iliyowahesabu waliokufa mmoja mmoja kwa majina. Mke wa mpagazi wa Ujiji alikuwa na mapishi pia, na alimsubiri mtu pia. Hakuna aliyemchapia kitabu, na mumewe mara nyingi hakuandikwa hata kwenye orodha ya marehemu.

Mwalimu amependekeza ukurasa huu utangulie mapishi. Nimekubali. Mzee amepewa kazi ya kuwarekodia wajukuu yale aliyoyasikia kwa baba yake kuhusu safari za mizigo. Tutayaandika kama anavyoyasema.

Aprili, mwanzo: jirani na kopo lake

Nilimpelekea jirani yangu, bibi wa Kiaustralia mwenye zaidi ya miaka themanini, sahani yenye aina zote bila kumwambia ipi ni ipi. Alizionja taratibu, akaweka pembeni zile laini za kutafunika. Kwao, alisema, zilikuwa za kukatika kwa sauti, na mama yake alizihifadhi kwenye kopo la bati juu ya kabati ili watoto wasilifikie. Binti yake aliyekuwepo akasema zilizo laini ndizo za kweli. Wakabishana mpaka chai ikapoa. Ubishi huu upo katika kila nyumba ya nchi hii, na wa Australia na New Zealand kuhusu nani wa kwanza ni mkubwa zaidi.

Nami niko upande wa bibi. Biskuti kavu inakaa wiki kadhaa kwenye kopo lililofungwa vizuri, na kukaa ndiko kulikoipa nafasi katika nyumba zisizokuwa na friji. Kwa anayetaka laini: ongeza kijiko kimoja cha shira, itoe oveni dakika tatu mapema. Kwa anayetaka kavu: punguza sukari ya kahawia utumie nyeupe, bonyeza zaidi, shusha moto na uongeze muda. Sentensi hizo mbili zimeingia kwenye kijitabu kama zilivyo.

Bibi aliniambia jambo moja jingine. Miaka ya Vita vya Pili vya Dunia, alipokuwa mtoto, mama yake alioka kila wiki kwa ajili ya meza ya mchango, na watoto waliruhusiwa kula zilizovunjika tu. "Tulikuwa tunaomba Mungu zivunjike." Ameruhusu tulichape bila jina lake.

Aprili, kabla ya uchapaji

Kurasa zimepangwa. Historia kurasa tatu, wapagazi mmoja, biskuti ngumu mmoja na picha ya kikombe, mapishi mawili, ya iliki mwishoni. Tumeongeza mstari kwamba biskuti hizi hazina yai, kwa wazazi wenye watoto wanaodhurika na mayai, na mwingine kwamba zina ngano na siagi. Msomaji mmoja wa Bujumbura amepitia lugha na kubadilisha maneno matatu ambayo kwao hayaeleweki.

Yaliyobaki: nakala za majaribio zinachapwa Jumatatu. Mama wa Bukavu anaoka Alhamisi jioni kwa ajili ya meza ya shule, trei mbili za 1926 na tatu za nazi, na anahitaji watu wawili wa kufinyanga. Mwenye kopo kubwa la bati lenye mfuniko alilete. Mwalimu amepanga gari la kutupeleka kwenye ibada ya alfajiri tarehe 25, tunaondoka saa tisa na nusu usiku, na mzee wa Kigoma ameomba akae kiti cha mbele.